Saruji juu ya chokaa: kisa cha kanisa la kijijini mashariki mwa Uingereza

Kisa hiki kinahusu kanisa la parokia ya Kianglikana katika kijiji kimoja cha mashariki mwa Uingereza. Majina ya kijiji, dayosisi na wahusika yameondolewa, pamoja na mambo machache ambayo mtu wa eneo lile angeyatambua mara moja. Nilikifuatilia nikiwa katika ofisi ya msanifu majengo wa parokia. Kilianza na rangi inayobanduka ukutani, kikaishia kwenye paa, makaburi, popo na mtakatifu ambaye hakuna aliyejua kwamba yupo.

## Jengo lenyewe

Ukiambiwa kanisa la kijijini Uingereza ni la karne ya 15, uliza ni sehemu gani. Hili lina ukuta wa kaskazini ambao chini yake ni wa karne ya 12, mlango wa kusini wa karne ya 13, na madirisha mapana ya karne ya 15, wakati biashara ya sufu na nguo ilipozitajirisha kaunti hizo. Wafadhili wa wakati huo waliliondoa paa la kale lenye mwinuko mkali, wakapandisha kuta, wakaezeka paa la mbao za mwaloni lenye mteremko mdogo na kulifunika kwa mashuka ya risasi, ile metali nzito na laini. Kovu la paa la kale bado linaonekana mnarani, juu kidogo ya paa la sasa. Paa jipya lilifichwa nyuma ya ukingo wa mawe, na kati ya ukingo na mteremko ukapita mfereji wa kupokea maji ya mvua. Mfereji huo ndio mhusika mkuu wa kisa hiki, ingawa kwa miaka mingi hakuna aliyeutaja.

Eneo hilo halina mawe mazuri ya kujengea. Lina gumegume, jiwe gumu la kuvunjikavunjika ambalo mkulima huliokota shambani kila anapolima. Gumegume halichongeki pembe, kwa hiyo kona za jengo na fremu za madirisha zilijengwa kwa mawe ya chokaa yaliyoletwa kutoka machimbo ya mbali, mara nyingi kwa mashua kupitia mito. Ukuta wenyewe una nyuso mbili za gumegume, na katikati umejazwa vifusi vya mawe na chokaa nyingi, hadi unakaribia unene wa mita moja. Hauna msingi wa kisasa wala kizuizi cha unyevu. Umesimama karne hizi zote kwa sababu maji yaliyouingia yalipata njia ya kutoka: chokaa huyapokea, kisha huyaachia kwa upepo kupitia uso wake.

Ndani, kuta zilikuwa na michoro. Hilo lilikuwa jambo la kawaida kabla ya Matengenezo ya Kanisa, yaani mageuzi ya Kiprotestanti ya karne ya 16. Kuanzia 1547, chini ya Mfalme Edward wa Sita, picha ziliamriwa ziondolewe, na njia rahisi ya kuiondoa picha ya ukutani ilikuwa kuipaka chokaa. Chokaa hiyo ilirudiwa vizazi kwa vizazi, tabaka juu ya tabaka. Katika karne ya 19 makanisa mengi yalikwanguliwa lipu ya zamani ili mawe yaonekane, kwa imani kwamba hivyo ndivyo yalivyokuwa enzi za kati. Ni kupinga ukarabati wa namna hiyo ndiko kulikomfanya William Morris na wenzake waanzishe chama cha kutetea majengo ya kale mwaka 1877. Kanisa letu lilinusurika upande wa kaskazini. Parokia haikuwa na fedha za kumlipa mtu wa kukwangua.

Miaka ya 1960 fedha zilipatikana kidogo. Ukuta wa kaskazini ukapigwa lipu ya saruji kuanzia sakafuni hadi chini ya paa, kisha ukapakwa rangi ya plastiki. Waliofanya hivyo hawakuwa wazembe. Saruji ilikuwa ndiyo kitu cha kisasa, ilikauka upesi, na fundi wa chokaa alikuwa vigumu kumpata.

## Tatizo lilivyojitokeza

Tangu 1955 sheria ya Kanisa la Uingereza inataka kila kanisa likaguliwe na mtaalamu kila baada ya miaka mitano. Ripoti ya ukaguzi iliyoanzisha kisa hiki ilisema mambo manne kuhusu ukuta wa kaskazini. Lipu ilitoa mlio wa kitu kitupu ilipogongwa. Chini ilikuwa na ukijani. Kulikuwa na chumvi iliyochanua kama manyoya meupe, ukiipitishia kiganja inadondoka. Na nje, mfereji wa nyuma ya ukingo ulijaa majani, bomba moja la maji ya mvua lilipasuka upande wa nyuma usioonekana, na ardhi ya makaburi ilikuwa juu kuliko sakafu ya ndani. Jambo hilo la mwisho si la ajabu. Mahali palipozikwa watu kwa karne nyingi ardhi hupanda.

Halmashauri ya parokia ilisoma mambo matatu ya kwanza. Hayo ndiyo waumini walikuwa wakiyaona kila Jumapili, na harusi mbili zilikuwa njiani. Wakaita kampuni ya kutibu unyevu. Mtaalamu wake alikuja bila malipo, akabandika kipimo cha umeme ukutani, mshale ukaruka, akapendekeza tiba: kutoboa mashimo kwa mstari chini ya ukuta, kuyajaza kemikali ya kuzuia maji, kubandua lipu yote na kupiga nyingine ya saruji isiyopitisha maji. Bei ilikuwa ndani ya uwezo wao. Hapa sina budi kusema kwamba kipimo kile hupima mkondo wa umeme, na chumvi hupitisha umeme. Ukuta wenye chumvi nyingi utaonekana umelowa kuliko ulivyo.

Kazi isingeweza kuanza mara moja. Uingereza makanisa ya Kianglikana yamesamehewa kibali cha halmashauri ya mji cha kugusa jengo la kihistoria, kwa sharti kwamba Kanisa lina utaratibu wake wenyewe. Parokia huomba kibali kwa kansela wa dayosisi, ambaye ni mwanasheria mwenye mamlaka ya jaji. Kamati ya wataalamu ya dayosisi hutoa ushauri. Na tangazo hubandikwa kanisani kwa siku 28 ili mwenye pingamizi aseme. Kamati ilikataa kuunga mkono tiba ile. Kemikali inahitaji mstari mmoja wa chokaa unaopita ukuta mzima ili itengeneze kizuizi, na ukuta wa vifusi hauna mstari huo. Hujaza matundu na kupotea. Pia hakuna aliyekuwa amechungulia kilichomo chini ya saruji kabla ya kutoboa.

Wasimamizi wa kanisa walichukizwa. Kwao ilikuwa kama kuomba ruhusa ya kukausha nyumba yao wenyewe.

## Usiku wa risasi

Wakati barua zikienda na kurudi, wezi walipanda paani vuli hiyo na kuondoka na risasi yote ya mteremko wa kaskazini. Kanisa liko mbali na nyumba, na hakuna aliyesikia. Waumini waligundua mvua iliponyesha ibada ikiendelea.

Wizi wa namna hii uliyaandama makanisa ya Uingereza bei ya metali ilipopanda duniani, hadi malipo ya fedha taslimu kwa vyuma chakavu yakapigwa marufuku, na sheria ya 2013 ya wafanyabiashara wa vyuma hivyo ikakaza zaidi. Ulipungua, haukukoma. Bima ya parokia ilikuwa na kikomo kwa wizi wa metali, na kikomo hicho hakikukaribia gharama ya paa.

Hasara haikuwa ya uzito wa metali tu. Mafundi wa zamani walikuwa na desturi ya kuchora viatu vyao juu ya risasi, wakifuata ukingo wa soli kwa ncha ya kisu, kisha kuandika herufi za majina na mwaka. Upande wa kusini bado upo wenye nyayo kadhaa za namna hiyo. Wa kaskazini uliyeyushwa, na hakuna aliyewahi kuupiga picha.

Turubai lilifungwa, upepo ukalifungua, likafungwa tena. Majira yote ya baridi maji yaliteremka ndani ya kiini cha ukuta kutoka juu, huku saruji ikiyazuia yasitoke kwa upande wa ndani. Karibu na mwisho wa baridi, bamba la lipu pana kama mlango lilianguka lenyewe kati ya madirisha mawili. Hakukuwa na mtu.

Msimamizi mmoja wa kanisa, mkulima mstaafu, alifika kufagia. Nyuma ya bamba aliona chokaa nyeupe iliyokatika kama magamba, na pembezoni mwa gamba moja mstari mwekundu. Hakufagia. Aliweka viti kuzunguka eneo, akapiga simu, kisha akaviokota vipande vyote na kuvipanga kwenye trei za mikate za jikoni la parokia, upande wa nyuma ukitazama juu. Kwenye baadhi ya vipande rangi ilikuwa imeng'ang'ania saruji badala ya ukuta.

Mstari mwekundu ulikuwa samaki. Pembeni yake palikuwa na mwingine, na kati yao kitu kilichofanana na mguu mtupu ulioingia majini. Mhifadhi wa michoro alipofika hakuhitaji kuona zaidi. Ukuta wa kaskazini, mkabala na mlango wa kusini, mguu mtoni, samaki: huyo ni Mtakatifu Kristofa akimvusha mtoto Yesu. Katika Uingereza ya enzi za kati alichorwa mahali hapo hapo katika makanisa mengi, akiwa mkubwa kuliko watakatifu wote, ili anayeingia amwone hata asipopita zaidi ya kizingiti. Watu waliamini kwamba aliyemtazama siku hiyo asingekufa kifo cha ghafla bila maandalizi.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, na kwa maoni yangu uliookoa kila kitu, ni mpangilio. Msanifu aliikataza halmashauri kugusa ukuta kwa ndani hadi paa, mifereji na ardhi vimalizike na ukuta upewe muda wa kukauka. Halmashauri ilikuwa tayari kutumia fedha zake zote pale palipoonekana.

Paa lilizua ubishi. Shirika la taifa la urithi, Historic England, kwa kawaida hutaka risasi irudishwe mahali pa risasi. Hudumu zaidi ya miaka mia, hujikunja kwa umbo la jengo, na huweza kuyeyushwa na kutumika tena. Lakini pale wizi unapotarajiwa kujirudia hukubali mabati ya chuma kisichoshika kutu yaliyopakwa tabaka la kijivu la bati, ambayo mnunuzi wa vyuma chakavu hayatamani. Waliotetea risasi walisema heshima ya jengo la daraja la kwanza, yaani daraja la juu kabisa la majengo ya kihistoria yanayolindwa, inadai kitu halisi. Waliotetea chuma waliuliza nani atalala paani. Hapa kulikuwa na hoja ya kiufundi iliyosaidia: mteremko wa kaskazini hauonekani kutoka chini, kwa kuwa ukingo unauficha. Chuma kikachaguliwa kwa kaskazini, risasi ikabaki kusini na kengele ya usalama paani. Chini ya chuma ilibidi pawekwe njia ya hewa, vinginevyo mvuke ungeganda kwa ndani na kuozesha mbao.

Kisha wakajitokeza popo. Wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya 1981, wao na mahali wanapolala, na katika mbao za paa kulikuwa na koloni la majike wenye watoto. Kazi ya paa haikuruhusiwa kiangazi. Nayo chokaa haifanyiwi kazi baridi, kwa sababu barafu ikiikuta bado mbichi huivunja. Kalenda mbili zikagongana, na suluhisho likawa kugawa kazi: paa Septemba na Oktoba, popo wanapokuwa wamemaliza kulea na hawajaanza kulala usingizi wa baridi, na ukuta kuanzia masika ya mwaka mwingine. Wanakijiji walinung'unika kwamba popo wana haki kuliko waumini. Nililielewa nung'uniko hilo, hasa kwa aliyewahi kusugua kinyesi chao kwenye shaba ya miaka 500.

Kushusha ardhi ya nje na kuchimba mtaro wa kokoto kulihitaji mwanaakiolojia asimame kila koleo lilipoingia. Mifupa ilitoka, kama ilivyotarajiwa. Ilizikwa upya uwanja ule ule, kasisi akasoma sala. Maji ya mtaro yakapelekwa shimo la kunyonya mbali na ukuta.

Uamuzi mgumu zaidi ulihusu Kristofa. Kijiji kilitaka afunuliwe wote. Gazeti la kaunti lingekuja, na watu wangekuja nalo. Mhifadhi alifanya majaribio kwenye vipande vidogo na kuripoti kwamba pale saruji iliposhika chokaa sawasawa, kuibandua kulivuta rangi pamoja nayo, na pale ilipokuwa imejitenga, ilitoka kwa patasi ndogo bila madhara. Halmashauri ikaamua kuondoa saruji iliyojitenga tu, kuiacha iliyoshika hadi mbinu bora ipatikane, na kuziba kingo kwa chokaa ili zisiendelee kukatika. Waliokuwa wakitarajia picha nzima walipata miguu, samaki, sehemu ya fimbo na kipande cha vazi.

Fedha zilitoka kwenye ruzuku, michango na mauzo ya keki, kama kawaida. Kwa VAT ya asilimia 20, serikali ilikuwa na mpango wa kuyarudishia makanisa ya kihistoria. Mwaka 2025 mpango huo uliwekewa kikomo cha pauni 25,000 kwa jengo kwa mwaka. Mradi kama huu ukianza leo ungehitaji hesabu nyingine.

## Matokeo

Ukuta ulikauka polepole, kuanzia juu. Chumvi iliendelea kuchanua kwa muda baada ya paa kukamilika, na hilo liliitia halmashauri hofu, ingawa ndivyo inavyopaswa kuwa: maji yanapotoka hubeba chumvi na kuiacha usoni. Sehemu za chini zilipigwa lipu ya chokaa na manyoya ya mbuzi, kisha zikapakwa chokaa nyembamba. Hakuna kemikali iliyoingia ukutani. Ukijani haukurudi, isipokuwa kona moja karibu na mnara ambako mtaro haukuweza kupita kwa sababu ya kaburi la jiwe lililolindwa lenyewe kama urithi.

Vipande vya kwenye trei vilitunzwa. Baadhi vilirudishwa mahali pake, na vingine viko sandukuni kwenye hifadhi ya kaunti.

## Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi ni kile kilichowaudhi watu zaidi. Kama parokia ingekuwa na uhuru wa mwenye nyumba, kampuni ingetoboa ukuta kabla ya wizi, lipu mpya ya saruji ingepigwa, na samaki wale wangetupwa na kifusi. Utaratibu wa kibali haukujua kwamba kuna mchoro. Ulilazimisha tu swali moja liulizwe kabla ya kazi: maji yanatoka wapi? Swali hilo lina jibu rahisi mara nyingi, na jibu mara nyingi liko paani.

Hata hivyo, utaratibu huo huo ulichangia majira yote ya baridi yapite chini ya turubai. Kansela anaweza kutoa kibali cha muda kwa dharura, tena kwa haraka, lakini parokia haikulijua hilo hadi wiki kadhaa zilipopita, na hakuna aliyewaambia. Kwa upande huo siwezi kuitetea dayosisi. Watu wa kujitolea, wengi wao wazee, hawawezi kutarajiwa kuzijua kanuni za mahakama ya Kanisa.

Kilichoshindwa kabisa ni mfereji. Ripoti iliutaja, na gharama ya kuusafisha ilikuwa ndogo mno kiasi kwamba haikuhitaji kikao, ndiyo maana haikupata kikao. Ukitaka ruzuku ya paa jipya utapata fomu, ukitaka fedha za kutoa majani kila Novemba hutapata mfadhili. Kwa namna hii mfumo mzima wa ufadhili wa urithi unalipia maafa na kuacha matunzo. Makanisa ya Kianglikana Uingereza ni takriban 16,000, na karibu nusu ya majengo yote ya daraja la kwanza nchini ni makanisa ya parokia. Mengi yanatunzwa na kundi dogo la watu wenye ngazi moja.

Saruji inastahili haki yake. Mafundi wa miaka ya 1960 hawakuua jengo. Waliigeuza njia ya maji. Saruji ya Portland, iliyopata hataza 1824, ni ngumu na haipitishi mvuke kwa urahisi kama chokaa. Ikipakwa juu ya ukuta laini, maji hutafuta pa kutokea penye udhaifu, na udhaifu huwa ni jiwe la chokaa la fremu ya dirisha au tabaka la rangi ya kale. Msomaji wa Pwani ameshaliona hili. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, na viraka vya saruji juu yake hufanya kazi ile ile: usoni panakaa vizuri kwa miaka michache, kisha matumbawe yanaliwa kutoka ndani. Kule hakuna barafu ya kuvunja chokaa mbichi, lakini kuna chumvi ya bahari na masika, na mpangilio wa kazi haubadiliki: paa, mifereji, ardhi, subira, kisha lipu.

Kuhusu kumwacha Kristofa nusu amefunikwa, nakubaliana na uamuzi, japo si kwa sababu zote zilizotolewa. Wengine walisema mchoro uko salama chini ya saruji. Hauko salama, kwani chumvi inaendelea kufanya kazi pale chini. Sababu nzuri ni kwamba kubandua ni tendo lisilorudi nyuma, na mbinu za leo zingepoteza rangi nyingi. Mhifadhi amepewa jukumu la kupima unyevu na kupiga picha za sehemu ile ile katika kila ukaguzi wa miaka mitano. Halmashauri bado imegawanyika juu ya kufunua zaidi, na ombi la kibali cha awamu ya pili halijawasilishwa. Mfereji husafishwa mara mbili kwa mwaka na mkandarasi mwenye bima ya kupanda juu, kwa fedha zinazotolewa kwenye sadaka, na daftari la usafi huo hutiwa saini na kasisi.